Kwa Kamati ya Basari, kutoka kwa mwenye saiba

Mheshimiwa Mwenyekiti na wanakamati wote,

Nawaandikia kuwashukuru. Jina la eneo bunge letu silitaji, maana fomu za muhula ujao hazijatoka na mimi nina mpwa kidato cha tatu.

Mimi ndiye mwenye ile saiba inayotazamana na ofisi ya chifu: kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, na benchi nje kwa wanaosubiri. Zamani nilidhani nalishwa na watu wa cheti cha tabia njema na wale wanaokuja kujaza fomu za ushuru siku ya mwisho. Kumbe hao hawatimizi hata kodi ya chumba. Kodi yangu mnanilipia ninyi. Kila mnapobandika tangazo la basari kwenye ukuta wa chifu, mimi hufungua alfajiri na kufunga usiku, na mke wangu huniletea chakula hapa hapa.

Tangazo lenyewe limetungwa kwa ustadi. Hutoka Ijumaa jioni, na siku ya mwisho huwa Jumatano saa kumi. Mwanafunzi yuko bwenini na hana simu. Mama yake hupata habari Jumapili, tena kwa jirani. Hapo amebakiwa na siku tatu kumpata mwalimu mkuu atie sahihi, chifu agonge muhuri, na imamu au mchungaji athibitishe kwamba mtoto ana tabia njema. Umaskini mtupu haukubaliki kwenu. Sharti uwe na adabu.

Juu ya fomu mmeandika kwa herufi kubwa kwamba haiuzwi, na mimi ni raia mtiifu. Siuzi fomu. Nauza karatasi ambayo fomu imechapwa juu yake, shilingi 10 kila ukurasa. Kisha vinakuja viambatisho: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi wote wawili pande zote mbili, ripoti ya muhula uliopita, barua ya kujiunga na shule, orodha ya karo, na kwa yatima, cheti cha kifo. Nakala mbili za kila kitu. Moja ni yenu. Ya pili sijapata kujua inakwenda wapi, lakini naitoa kwa moyo mkunjufu.

Kinachonifanya niwavulie kofia ni hiki: karibu kila karatasi mnayoidai ilitoka serikalini. Cheti cha kuzaliwa ni cha serikali, kitambulisho ni cha serikali, cheti cha kifo ni cha serikali, na mtoto mwenyewe ana namba yake wizarani tangu alipokuwa shule ya msingi. Yaani serikali inamtuma mtoto aje aiambie serikali kile ambacho serikali ilimwandikia. Siku ofisi hizo zikipigiana simu, mimi nitafunga duka nirudi kuuza madafu.

Muhula uliopita alikuja binti mmoja na mamake. Baba alishafariki. Fomu iliuliza kazi ya baba, akaandika "marehemu". Ikauliza mapato ya baba kwa mwezi, akaacha wazi. Karani wenu akairudisha, kwamba nafasi zote zijazwe. Wakaja tena kwangu, tukaandika sifuri. Karani akairudisha tena, kwamba sifuri haina budi kuthibitishwa. Basi mama akaenda kwa chifu, na chifu, ambaye ni mtu wa watu, akaandika barua yenye muhuri wa Jamhuri ya Kenya kuthibitisha kwamba marehemu hana mshahara. Cheti cha kifo kilikuwa kimeambatishwa muda wote huo. Nakala ya barua ile nimeitia lamineti na kuitundika juu ya mashine, wateja waone kwamba hapa hakuna lisilowezekana.

Mpaka fomu inapokewa, mama yule alikuwa ameacha kwangu shilingi 260, kwa watu wa bodaboda 400, na 100 za wino, kwa sababu muhuri wa chifu ni wa bure lakini wino, tuliambiwa, hununuliwa. Jumla 760. Siku ambazo hakukaanga samaki wake wa kuuza sijazitia hesabuni. Basari ilipotoka, binti alipata 3,000. Robo nzima na ushei ilikuwa imeshaliwa barabarani kabla haijazaliwa, na sehemu ya robo hiyo ndiyo iliyoninunulia hii karatasi ninayowaandikia. Ahsanteni.

Wapo wenye kelele wanaosema 3,000 haimalizi karo ya mtu. Hao hawajui siasa. Ukichukua fungu moja ukamlipia mtoto mmoja mpaka amalize sekondari, umepata nyumba moja ya kukushukuru. Fungu lile lile ukilikatakata, unapata kijiji kizima, na kila mmoja wao atarudi muhula ujao na fomu mpya. Nani amekuwa na wapiga kura waaminifu hivyo? Na ile sherehe ya kukabidhi! Hundi ya ubao yenye urefu wa mtu, turubai, vipaza sauti, mheshimiwa akisoma mamilioni. Hundi ndogo, ile ya kweli, hufika shuleni baadaye, na mara nyingine mwenye jina lake huwa kesharudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Lakini kwenye picha alitokea vizuri.

Nimekuwa nikiwaombea dua pia, kwa maana mahakama hazitupi usingizi. Mfuko wa maeneo bunge, ule unaotupatia basari hizi, ulianza mwaka 2003. Sheria yake ya 2013 ikabatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hata ile ya 2015 inakiuka Katiba. Upande wa basari za kaunti, Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alikumbusha kwamba elimu ya sekondari ni kazi ya serikali kuu, magavana wakaruka, kesi zikaenda mahakamani. Wakubwa walipokuwa wakibishana ni mfuko wa nani umlipie mtoto, watoto wengine walikuwa nyumbani wakisoma ugatuzi kwa vitendo. Mimi nilikuwa nimeshaagiza katoni mbili za karatasi.

Sasa nina mashtaka. Kuna mwalimu mmoja wa kike, shule ya kutwa hapa karibu, nawaomba mumwonye. Huyu mama kila Januari huwaambia wanafunzi walete vyeti vyote mara moja. Anavipiga picha kwa simu yake, anavituma kwenye barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe, na karatasi zenyewe zinaingia kwenye faili la plastiki lenye jina. Tangazo likitoka Ijumaa, watoto wake wamemaliza Jumatatu. Kwangu wanapita tu, wananisalimia.

Tena ana daftari. Kila mfadhili ana ukurasa wake: anataka nani, anataka nini, anafungua mwezi gani. Amegundua kwamba Wings to Fly, ule ufadhili ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation, humshika mtoto anapoingia sekondari. Akishafika kidato cha tatu, gari limeondoka. Kwa hiyo huenda kuwaambia wazazi wa Gredi ya Tisa kabla ya matokeo. Fikirieni, anakwenda kwa watoto ambao si wake, na halipwi marupurupu! Wale wa kidato cha nne wenye alama za juu anawaeleza juu ya ufadhili wa KenSAP, na wasichana juu ya Zawadi Africa, mfuko wa Susan Mboya. Babake Susan ndiye yule Tom Mboya wa ndege ya 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Najiuliza kama mzee yule aliwadai wote vitambulisho pande zote mbili.

Baya zaidi ni insha. Fomu yenu ina mistari mitano ya kueleza kwa nini mwombaji anastahili. Mimi nina sentensi yangu imeshachapwa, "Mimi ni mtoto kutoka familia maskini sana na napenda masomo," nabadilisha jina tu, shilingi 20. Imo kwenye mamia ya fomu zenu. Kama mnazisoma, mtakuwa mmeiona. Mwalimu huyu anaikata kwa kalamu nyekundu. Anamkalisha mtoto na kumuuliza: unaamka saa ngapi? Mama akishalipa unga, anabakiwa na ngapi? Somo lipi unalifanya hata bila kulazimishwa? Kijana mmoja akaishia kuandika kwamba hutengeneza redio za majirani na kwamba fizikia ndiyo iliyomwambia kwa nini ile ya babu inakwaruza. Mfadhili mmoja akampigia simu. Mfadhili! Akampigia simu! Mtoto asiyemjua hata diwani!

Mambo ya namna hii yakienea, mimi na ninyi tutakula wapi?

Kwa hiyo naomba machache. Mwongeze masharti, kwa kuwa nimenunua mashine ya rangi: picha ya paa la nyumba ingefaa, ukurasa shilingi 40. Pia barua ya kuthibitisha kwamba barua ya chifu iliandikwa na chifu. Orodha ya waliopata, na kiasi, na sababu, endeleeni kuifungia kabatini. Ikibandikwa ukutani karibu na tangazo watu wataanza kulinganisha. Na tarehe ya kufungua maombi, kama mnaweza, niambieni mimi peke yangu wiki moja mapema, niagize wino.

Nimeambatisha nakala mbili za barua hii, kitambulisho changu pande zote mbili, na barua ya chifu inayothibitisha kwamba mimi ningali hai na napata mapato.

Wenu mtiifu,
Mwenye saiba