Chawa Mmoja, Wazazi Arobaini: Mwongozo kwa Nesi Mpya wa Shule

Hongera kwa ajira. Umepewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira, kitanda chenye godoro la rexini, kopo la panadoli, chupa ya GV na kipimajoto ambacho betri yake iliazimwa na mwalimu wa michezo. Mkataba unasema utashughulikia afya ya wanafunzi. Usihofu, wanafunzi hawasumbui. Anayetapika hutapika akamaliza, na aliyechubuka goti hupakwa dawa akarudi kucheza. Kazi yenyewe itaanza wiki chache baada ya likizo, siku mwalimu wa darasa la pili atakapokuletea binti amemshika ukosi kwa vidole viwili, akakwambia kwa mnong'ono unaosikika hadi kantini: "Sista, huyu anajikuna."

Funga mlango. Mwalimu abaki nje, ajikune huko.

Mketishe mtoto karibu na dirisha. Kama nywele ziko wazi, zilowanishe, pakaa kondishena bila ubahili, kisha chana kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Kila ukipitisha, futa kitana kwenye tishu nyeupe. Anza nyuma ya masikio na kisogoni, ndiko wanakopenda kukaa. Utamwona tu: mdogo kama punje ya ufuta, kahawia iliyopauka, miguu sita, kila mguu una ukucha wa kushikia unywele. Hana mbawa na haruki. Anatembea, tena mbio, akikwepa mwanga. Mtoto ataomba kumwona. Mwonyeshe. Atakuuliza kama huyu ana mama. Mjibu kwamba anaye, na kwamba mama chawa hutaga mayai sita hadi kumi kwa siku. Atafurahi sana. Takwimu hiyo usiirudie mbele ya mama mwenyewe wa mtoto.

Ukiona vitu vyeupe tu, usitangaze lolote kabla hujapuliza. Kinachopeperuka ni mba. Yai limegandishwa kwenye unywele, halitoki mpaka ulivute kwa kucha mbili. Lililo karibu kabisa na ngozi huenda lina kiumbe ndani. Lililosogea mbali na ngozi mara nyingi ni ganda tupu, mwenyewe alishahama.

Kama nywele zimesukwa twende kilioni, mshukuru Mungu, maana mistari ya ngozi inaonekana na kazi inawezekana. Kama ni rasta, pole. Rasta hizo zilisukwa Jumamosi kwa saa tano, mtoto amekaa chini analia, mama yuko kwenye kiti analipa. Nesi anayefumua rasta bila idhini ya mama, ni heri angempa mtoto dawa iliyokwisha muda wake. Shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara haina mgogoro huu, mashine ya kunyolea imeumaliza. Nesi wa pale, kama angekuwapo, angekuwa anapambana na mapunye.

Sasa andika barua. Mistari minne inatosha: darasani wameonekana chawa, chawa wa kichwani hawaleti ugonjwa mwingine, tazameni vichwa vya watoto leo jioni, dawa ni hii. Jina la mtoto usilitaje. Mpelekee mwalimu mkuu aitie sahihi. Ataisoma huku akijikuna juu ya sikio, atasema neno "chawa" halina staha kwa shule inayotoza ada kiasi kile, kisha atalikata na kuandika "changamoto ndogo ya kiafya inayohusu eneo la kichwa". Mwache, kama unataka kuona maajabu. Saa kumi jioni barua imefika majumbani ndani ya mabegi. Saa kumi na moja shule nzima ina homa ya uti wa mgongo. Saa moja usiku mkurugenzi anapigiwa simu na mzazi aliye njiani kwenda hospitali, mtoto wake akapigwe picha ya ubongo. Kesho yake utaruhusiwa kuandika chawa, kwa herufi kubwa, na wino mwekundu utapewa.

Grupu la WhatsApp la wazazi usijiunge. Kama walishakuingiza, soma, usijibu. Kuna atakayeuliza "chawa wa mheshimiwa gani?" na kuicheka mwenyewe kwa emoji sita. Kuna atakayetuma ujumbe wa sauti wa dakika tano akiwa kwenye foleni, na ukiusikiliza hadi mwisho utakuwa umejua mengi kuhusu bodaboda zilizomkwaruzia gari. Kuna anayeuza mafuta ya mwarobaini, njoo inboksi kwa bei. Kuna baba ambaye tangu Januari hajaandika hata "amina" kwenye misiba ya wenzake, leo anauliza kama ada ya muhula huu itapungua. Halafu kuna yule mwenye orodha. Hataji jina. Anasema tu "kuna watoto tunawafahamu", na kila anayesoma anawafahamu wengine.

Wote hao waache. Mpigie simu mmoja tu, aliyependekeza mafuta ya taa. Hapo weka mzaha pembeni. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya kichwa, mvuke wake mtoto anauvuta, na kichwa kilicholowa mafuta ya taa kikikaribia jiko la mkaa utakuwa unazungumzia msiba. Mwambie hivyohivyo kuhusu dawa ya kupulizia mbu, na ile ya kuogeshea ng'ombe ambayo kila ukoo una mjomba anayeisifia. Mjomba alipona, ndiyo. Alikuwa na bahati.

Asubuhi watakuja wenyewe. Wa kwanza atakuwa mama wa usafi.

"Sista, kwangu maji hayakatiki. Mtoto anaoga mara tatu kwa siku."

"Hongera, mama."

"Sasa chawa watoke wapi?"

Mweleze kwa upole kwamba wametoka kwenye kichwa kingine, maana chawa anavuka vichwa vinapogusana, na vichwa vya watoto wa miaka saba vinagusana kutwa nzima. Kwenye gari la shule vitano vimeinamia simu moja. Kuhusu kuoga, chawa ameshikilia unywele na maji hayamng'oi. Mtoto akiogeshwa mara tatu, na chawa ameoga mara tatu.

Wa pili ni msomi wa usiku. Huyu alikesha kwenye intaneti na amefika na majeshi ya Napoleon yaliyoteketea kwa tifasi. Mpe haki yake, tifasi (si taifodi) kweli huenezwa na chawa, na Charles Nicolle aliyegundua hilo kule Tunis mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1928. Ila anayehusika ni chawa wa mwilini, yule anayeishi kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa. Wa kichwani hana makuu. Anakunywa damu kidogo mara kadhaa kwa siku, anawasha, basi. Msomi ataondoka amenyong'onyea kidogo, maana alishaandaa hotuba.

Wa tatu ni baba ambaye hataki kukaa. Funguo za gari anazo mkononi, anazitikisa. Kwake yeye chawa ni mambo ya watu wa hali ya chini, na anataka kujua shule siku hizi inapokea watoto wa aina gani. Mwombe akae, umsimulie habari ya chanuo la Lachish. Lilichimbuliwa nchini Israeli mwaka 2016, na mwaka 2022 wataalamu wakatangaza kwamba lina maandishi ya Kikanaani ya miaka kama 3,700 iliyopita, miongoni mwa sentensi kongwe kabisa zilizowahi kupatikana kwa mwandiko wa alfabeti. Na mwenye chanuo hilo, alipopata nafasi ya kuandika sentensi yake, hakuandika habari za mfalme wala za mungu. Aliomba chanuo limng'olee chawa wa nywele na ndevu. Kati ya meno yake yakakutwa mabaki ya chawa. Kisha mwambie baba kitu cha mwisho: chanuo hilo ni la pembe ya ndovu, na Kanaani ya wakati ule haikuwa na tembo. Pembe iliagizwa kutoka ng'ambo, yumkini Misri. Mwenye chanuo hakuwa mtu wa kupanga chumba kimoja. Mtazame baba mkono unavyopanda wenyewe kwenda kwenye ndevu.

Muda si mrefu atatajwa dada wa kazi. Atatajwa na kila mzazi, utadhani walikubaliana getini. Alikuja shule zilipofunguliwa, katokea kijijini kwao, "na wewe sista unayajua mazingira ya kule". Hapa usibishane. Toa kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa, iweke mezani. Anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, kwa sababu muwasho ni mwili unaoyazoea mate ya chawa na kuyachukia taratibu. Mtoto kaanza kujikuna Jumatatu hii. Rudi nyuma kwa kidole, wiki kwa wiki, mbele ya mama. Utaipita wiki aliyofika dada wa kazi. Utaipita siku shule ilipofunguliwa. Utatua katikati ya likizo, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binamu yake, watoto kumi na wawili wamelala mkeka mmoja baada ya keki, na picha zao, wameunganisha vichwa, ziko Instagramu na zimependwa na shangazi wote.

Nyamaza, mwache mama aitazame kalenda. Wengine huelewa, husema "mh" na kuomba jina la dawa. Wengine watakujibu kwamba upande wa shemeji yao ni watu wasafi sana, na jioni ya siku hiyo msichana wa watu anapakiwa kwenye basi la mkoani na nusu mshahara. Chawa wamebaki mjini. Kama kuna aliyeambukizwa ndani ya nyumba ile, huenda ni yeye, ndiye aliyekuwa akilala kitanda kimoja na mtoto na kumbembeleza usiku akiota vibaya. Hili sina kejeli nalo. Liandike kwenye daftari lako la matukio hata kama hakuna safu yake.

Mwalimu mkuu naye atakuwa na hoja: watoto wote waliopatikana na chawa warudishwe nyumbani sasa hivi, saa nne asubuhi, mpaka waletwe safi. Mkumbushe zile wiki sita. Mtoto amekaa nao darasani tangu shule ifunguliwe, kumtoa kabla ya uji kunamwokoa nani? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema kwamba mtoto mwenye afya asikose masomo kwa sababu ya chawa au mayai yao. Amalize siku, anyamaziwe, atibiwe nyumbani jioni. Mwalimu mkuu hupenda sana kusikia jambo likitokea Marekani, kwa hiyo anza na hilo.

Dawa sasa, ambayo ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Losheni ya pamethrini ya asilimia 1 (ya asilimia 5 ni ya upele), dakika kumi kichwani, isuuzwe. Kisha kitana kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili, na dawa irudiwe siku ya tisa, kwa kuwa mayai huikwepa dozi ya kwanza na kuanguliwa baadaye. Kichwa kisicho na chawa hakipakwi dawa ya "tahadhari". Foronya na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi. Chawa akitoka kichwani hamalizi siku mbili, kwa hiyo kampuni ya kupulizia dawa nyumba nzima isiitwe, na godoro lisichomwe. Godoro litachomwa. Kila msimu kuna nyumba moja.

Siku ya tisa hakuna atakayekumbuka. Grupu limeshahamia kwenye michango ya zawadi ya mwalimu wa darasa. Wapigie mmoja mmoja, uambiwe "hao mbona waliisha", uombe kwa heshima warudie dawa, usikilize ahadi, na uandike tarehe ya kuwapigia tena.

Kati ya hao wa kukumbushwa, yule mama wa maji yasiyokatika hatapokea simu. Atakuja mwenyewe, saa za mchana shule imepoa, bila mtoto. Ataulizia maendeleo ya darasa, atasifia pazia lako, ataufunga mlango kwa mgongo, na atavua wigi. Mkalishe pale dirishani. Kondishena imebaki kidogo, itatosha. Wigi liweke juu ya kabati, mbali na boksi la bandeji, na kwenye daftari andika "mzazi, ushauri".