Sifa za Programu Inayokataa Faili la Zamani

Ninausifu usumbufu ambao wengi wanaulaani: toleo jipya la programu kulikataa faili lililokubaliwa na toleo lililopita.

Mfano ninaoujali ni OpenMalaria, programu huria inayoiga kwenye kompyuta jinsi malaria inavyoenea kijijini. Huandikwa Basel, Uswisi, lakini sisi wa Bonde la Kilombero tuna haki ya kuiita yetu. Vipimo vya vijiji vyetu vya Namawala na Idete, pamoja na vya Ghana na Nigeria, ndivyo vilivyotumika kuilinganisha na hali halisi. Maabara ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara, humu bondeni, mwaka 1957, na humo ndimo ilimozaliwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Mtumiaji huipa programu faili lenye maelezo ya kijiji: umri wa watu, vyandarua, aina za mbu, matibabu ya zahanati. Juu kabisa huandikwa namba ya toleo. Namba ikiwa imepitwa na wakati, programu inasimama palepale na kumtaka mwenye faili akalisasishe kwanza. Umeme upo, bando limenunuliwa, ripoti inasubiriwa, nawe umekaa unasoma orodha ya mabadiliko kujua kipengele gani kimepewa jina jipya na kipi kimehamishwa.

Huo nauita uungwana. Tuseme toleo la zamani lilipokea vyandarua kwa asilimia, ukaandika 80, na jipya linataka 0.8. Programu isiyopenda kumuudhi mtu ingeimeza 80 kimya kimya, ikachora mchoro wa kupendeza, na mchoro huo ukafika mezani kwa anayepanga vyandarua vya wilaya. Kosa hilo lingekuja kuonekana baadaye sana, wodini kwa watoto.

Na programu haina budi kubadilika, maana bonde limebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkazi wa Namawala alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Vyandarua vyenye dawa vikaenea. Mbu Anopheles gambiae mwenyewe akawa adimu. Leo Anopheles funestus, sugu kwa dawa nyingi, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi yaliyobaki. Matoleo ya mwanzo ya programu yalipewa tu idadi ya mara ambazo mtu huumwa na mbu wenye vimelea. Baadaye ikaongezwa hesabu ya maisha ya mbu, kila aina na tabia zake: anauma ndani au nje, anamfuata mtu au ng'ombe. Hesabu kama hiyo haiwezi kuingia katika faili la zamani bila kulivunja.

Kwa miaka kadhaa kazi ya kuendesha hesabu za OpenMalaria iligawiwa kwa kompyuta za majumbani mwa watu waliojitolea duniani, kupitia malariacontrol.net. Fikiria mashine zote hizo zikiendesha matoleo tofauti bila kuulizana namba. Jumla yake ingekuwa ya nini?

Ninayemsifu kuliko wote ni yule anayeketi kuandika orodha ya mabadiliko kabla toleo halijatoka, kazi isiyompa jina popote. Akiiandika vizuri, mwanafunzi wa Ifakara anaweza kulichukua faili la miaka kumi iliyopita na kulifikisha kwenye toleo la sasa bila kumpigia simu mtu yeyote Basel.