Fadhila za Shimo

Ufundi wa kuboresha shokapu za mbele, yaani ile mirija miwili ya chuma inayoshika gurudumu la pikipiki, umestawi Murungu kwa kuwa mafundi wa ukanda huo wa Kibondo na Kasulu wamejaliwa mashimo ya kila aina. Kwa kawaida springi iliyomo ndani hupokea kishindo, na oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo huizuia isirukeruke. Lakini pikipiki ya sentimita za ujazo 150, ikipakia abiria, gunia la maharage na mkungu wa ndizi, huikandamiza springi hiyo hadi mwisho. Hapo ndipo fundi anapofungua mirija, akadumbukiza kipande cha bomba juu ya kila springi ili ikaze, akamimina oili nzito na kubadilisha sili zinazovuja.

Wapo wanaodai kwamba ingefaa greda lipite, madai yasiyo na subira ya kitaaluma, kwa maana kufukia shimo ni sawa na kufunga chuo cha ufundi katikati ya muhula, au kumwezekea paa mpangaji aliyekwisha kujinunulia mwavuli. Tena shimo la masika lina ukarimu wake: humshusha abiria anyooshe miguu, na humchelewesha mjamzito hadi ajifungue kabla hajafika zahanati, hivyo kuwapunguzia wakunga kazi ya kusubiri.

Greda lenyewe huiheshimu taaluma hii, kwani huja kila baada ya miaka 5, likaparuza kidogo, likapigwa picha.