Kaa Kwanza Miaka Miwili

Februari 2024, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Nigeria lilitangaza kuwa muuguzi anayetaka vyeti vyake vihakikiwe ili apate leseni ng'ambo, sharti kwanza afanye kazi nyumbani miaka miwili. Tena alete barua ya mkuu wa hospitali yake. Yaani umwendee bosi ambaye wodi yake usiku ina muuguzi mmoja, na huyo mmoja ndiye wewe, umwombe kwa adabu akuandikie barua ya kumkimbia. Kisha usubiri: uhakiki wenyewe si chini ya miezi 6.

Wauguzi wakaandamana Abuja na Lagos. Watoto hawa hawana shukrani! Wanapewa uzoefu bure, ukiwemo ule wa kutafuta mshipa kwa tochi ya simu.

Wakubwa hawabanwi hivyo. Mwaka 2017 Rais Buhari alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100, na hakuna aliyemdai barua ya kuthibitisha kwamba amelazwa kwanza miaka miwili Abuja. Wala sitashangaa kusikia aliyempima presha huko alikuwa binti wa Lagos.