Heshima kwa Modemu ya Simu

Wanaoisema vibaya modemu ya simu hawana shukrani. Ichukue Damn Small Linux ya awali, mfumo mzima uliobanwa ndani ya megabaiti 50 ukatoshea kwenye kidiski cha saizi ya kadi ya biashara. Kivinjari kimo, programu ya kuandikia imo, hata michezo imo. Kilichobaki nje ni draiva ya modemu yako tu, nayo imehifadhiwa mahali salama kabisa: kwenye intaneti. Ingia uichukue, ni bure. Mwenye nyumba gani mwingine angekufungia ufunguo ndani kwa kuhofia utaupoteza?

Na zile winmodem je? Chombo chenye cheo kamili, lakini kazi zote kinaiachia prosesa, tena kwa masharti kwamba maelekezo yaandikwe kwa Windows. Wapo mabosi waliostaafu na heshima zao kwa utaratibu huohuo.

Unaielekeza wvdial, programu ya kupigia simu kwa modemu, kwenye bandari ya ttyS0, inapiga namba, inarudi na jibu: NO CARRIER, yaani hakuna muunganisho. Basi. Hakuna fomu, hakuna "njoo kesho". Ofisi ngapi hukukatalia kwa adabu na ufupi namna hiyo?

Ukifanikiwa, utapewa hadi kilobiti 56 kwa sekunde. Picha inashuka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, macho. Ikikaribia pua, mtu anainua simu sebuleni na muunganisho unakatika. Naye alitaka kuuliza bei ya unga tu.