Barua ya Wazi kwa Idara ya Mipango ya Kaunti ya Jiji la Nairobi: Hongereni kwa Mradi Msioujenga

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi zetu. Jiji la matumizi mchanganyiko, ambamo mtu ananunua, anafanya kazi, anakula na kunyolewa bila kuvuka barabara, limeshafika katikati ya Nairobi, tena bila kuwagharimu hata posho ya kikao kimoja. Wadai wa supamaketi za Nakumatt walipopiga kura Januari 2020 kampuni ivunjwe, na mshindani wake Tuskys naye akaporomoka, zilibaki sakafu pana ambazo mpangaji mmoja hakuzimudu tena. Baadhi ya wenye majengo wakaita maseremala. Palipopangwa unga na sabuni pakawa eksibisheni: fundi wa simu anabandua kioo kwa wembe, msusi kabanwa kati ya viatu na mikoba, wakala wa M-Pesa yuko mlangoni, na ghorofa ya juu vyerehani vinanguruma.

Mchanganyiko huohuo ukivuka hadi Westlands hubadilika hadhi. Global Trade Centre ina ofisi, hoteli na makazi kwenye kiwanja kimoja, na mnara wake wa ghorofa 43 tunauita maendeleo. Kinyozi aliye juu ya duka la viatu Mtaa wa Tom Mboya tunamwita uchafu wa jiji. Kwa kumbukumbu yenu, Ukay Centre, iliyowahi kuwa na Nakumatt, ilikuwa Westlands kwelikweli, nadhifu na yenye maegesho. Mwaka 2018 ikabomolewa kwa kukalia kingo za mto. Katikati ya jiji, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ilitaka kupandisha jengo lake la Hazina hadi zaidi ya ghorofa 30 huku supamaketi ikiwa bado chini. Baada ya mvutano mrefu na mpangaji huyo, ndoto ikapunguzwa hadi ghorofa 15. Wenye vibanda, wasio na msanifu wala mkandarasi wa kigeni, waligeuza matumizi ya sakafu zao kwa mbao laini na misumari.

Mtatujibu kwamba vibanda ni hatari ya moto. Ni kweli, na hapa kejeli inaniishia kidogo: vijia ni vyembamba, nyaya zimening'inia, na mpangaji huanza kwa kulipa gudwili, yaani ada ya kuingilia, kabla hata hajaona choo kiko wapi. Lakini Nakumatt Downtown iliyoteketea Januari 2009 na kuua watu zaidi ya 20 haikuwa na kibanda hata kimoja. Lilikuwa duka moja kubwa, lenye jina la kuaminika. Hatari ilikuwa njia za kutokea, na njia hizo hazijui kama ndani kuna mpangaji mmoja au mia mbili. Mtasema pia kwamba Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inadai kibali kabla ya kubadilisha matumizi. Basi kitoeni, kwa masharti ya ngazi ya pili, maji, vyoo na nyaya zilizokaguliwa, na mwenye jengo anayekusanya gudwili ndiye agharamie, si msusi.

Mkiamua kutujibu, tunaomba msitume askari wa kaunti na lori. Tumeni mhandisi wa zimamoto, saa saba mchana, siku ya Jumamosi kabla ya Krismasi, apande hadi ghorofa ya tatu kisha ajaribu kushuka.