Jinsi ya Kula Hasara Ukiwa na Karata Nzuri

Kupoteza hela kwa karata mbovu hakuhitaji mwalimu. Kazi ipo kwenye kupoteza ukiwa na karata nzuri, na bado uinuke mezani ukiamini kwamba wewe ndiye mjanja kuliko wote waliokuwepo. Sogea karibu nikufundishe. Mchezo wetu ni poka ya Texas Hold'em, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, na nitakutajia bei ya kila hatua ili usije ukasema hukuambiwa. Naupenda mchezo huu, na inaniuma kumwona mtu amegawiwa karata ya kumlipia kodi ya mwezi, kisha anaipiga danadana mpaka inamfia mkononi.

1. Chagua shujaa, ila usimchunguze.

Mwaka 1988, ukumbi wa Binion's Horseshoe, Las Vegas, fainali ya World Series of Poker. Johnny Chan ana ghulamu na 9, zote za pau. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, inaleta malkia, 10 na 8. Mfululizo wa karata tano, 8 mpaka malkia, umekamilika. Chan anapoa. Anamwacha Erik Seidel, mwenye jozi ya malkia, ajione anaongoza, mpaka Seidel anasukuma chipu zake zote katikati. Chan akatwaa ubingwa wa pili mfululizo, na miaka 10 baadaye filamu ya Rounders ikaionyesha mechi ile kwa watu ambao hawajawahi kushika karata.

Jione Chan. Usiulize tu kwa nini mtego ule ulinasa. Walibaki wachezaji wawili. Baada ya flopu ile, hakukuwa na karata hata moja ambayo ikitoka peke yake ingemwokoa Seidel. Naye alikuwa na jozi ya kumtia kiburi cha kubeti. Masharti matatu, yote yametimia. Mezani kwako mko sita, na watano kati yenu wanafuata dau lolote kwa karata yoyote. Hilo lisikusumbue.

2. Ficha ree zako.

Ree mbili huja mkononi mara moja kati ya migawo 221. Zikija, usipandishe dau. Fuata tu dau la lazima la dola 2, uso mkavu, na watano wengine waingie kwa bei hiyo hiyo. Kisha ujue ulichonunua: dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree mbili zikifika mwisho hushinda kama mara 85 kati ya 100. Dhidi ya watano, hazifiki hata 50. Hakuna aliyekudhulumu. Umewafungulia mlango mwenyewe, ukawakaribisha na viti.

3. Flopu ikikupendeza, gonga meza upite.

Hapa ndipo penye hela nyingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Una 8 ya uru na 8 ya pau. Madau ya lazima ni dola 1 na 2, na kila mmoja ana dola 200 mbele yake. Umepandisha mpaka dola 10, wakakufuata watatu, wawili kati yao wakiwa wale wa madau ya lazima. Fungu lina dola 40. Flopu: 8 ya shupaza, 9 ya kopa, malkia wa kopa. Una nane tatu! Moyo unadunda, nawe unaona fahari ya kuzificha. Gonga meza. Wote wanagonga. Karata ya nne: 10 ya kopa.

Itazame meza sasa. Mwenye kopa mbili sasa ana kopa tano, amekupita. Mwenye ghulamu mmoja tu ana mfululizo, naye amekupita. Na yule mwenye ree na malkia, ambaye kwenye flopu angekupa dola 30 bila kufikiri mara mbili, ameona kopa tatu na mfululizo umenyanyua kichwa, hatoi hata senti. Karata ile moja imewafukuza waliokuwa tayari kukulipa na kuwapa nguvu waliokuwa wa kukunja karata. Umepoteza kwa pande zote mbili, na hujaweka dau hata moja.

Kwenye flopu, aliyekuwa na kopa mbili mkononi alibakiwa na kopa 9 kati ya karata 47 asizozijua. Hiyo ni karibu mara moja kati ya tano, na mojawapo, 8 ya kopa, ingekupa wewe nane nne. Ungebeti dola 30, angelipa 30 ili kugombea 70, na kwa bei hiyo alihitaji kushinda mara tatu kati ya kumi. Kila akilipa, anakosea, na makosa yake ndiyo mshahara wako. Ulipogonga meza ulimpa nafasi ile ile bure.

David Sklansky alilieleza jambo hili katika The Theory of Poker ya mwaka 1987: unafaidika pale mpinzani anapocheza tofauti na ambavyo angecheza kama angeziona karata zako. Sasa mfikirie huyo wa kopa mbili. Mfunulie nane zako tatu. Angefanya nini? Angegonga meza apokee karata ya bure, vile vile alivyofanya. Umemdanganya kwa ustadi mkubwa, na katika udanganyifu wote huo hajakosea hata mara moja. Mtu asiyekosea hana cha kukulipa. Ukiiona hoja hii vizuri utaacha kuipenda hatua ya tatu, kwa hiyo ipite haraka.

Na usichanganye hili na siku zile ambazo kunyamaza ni halali: una wafalme wawili, flopu ni mfalme, 7 na 2 za aina tatu tofauti, na mbele yako yupo mmoja tu asiyeweza kuzuia mkono wake kubeti. Huyo mwache abeti.

4. Amini kwamba wote wanakusoma.

Jiambie kuwa ukibeti tu, watajua. Kwenye madau madogo watu husoma karata zao wenyewe, na wengi wamekuja kucheza, hawakuja kukunja karata. Ukibeti kwa nguvu, nusu yao watadhani unawatisha. Hakuna maficho mazuri kuliko hayo, na yanajaza fungu huku yakikuficha. Lakini hayana maonyesho, wala hakuna atakayekupigia makofi kwa kubeti ulipokuwa na karata nzuri. Ndiyo maana watu hawayapendi.

5. Karata ya tano ikitoka, ngoja yeye abeti.

Tuseme umebahatika. Meza ni ile ile, ila karata ya nne ni 2 ya pau na ya tano ni 4 ya shupaza. Nane zako bado ziko juu, na mwenye ree na malkia bado yupo. Kwenye flopu uligonga meza. Kwenye karata ya nne ulijikaza ukabeti dola 30, akafuata yeye peke yake. Fungu lina 100. Sasa gonga tena, ili abeti nawe umpandishie. Samaki ameshameza chambo, wewe unangoja aruke mwenyewe kwenye chombo.

Naye anagonga meza. Mnafunua. Umeshinda.

Geuza nane zako moja moja, polepole, wazione. Kisha hesabu. Ungebeti 30 kwenye flopu akafuata yeye tu, fungu lingekuwa 100. Ungebeti 70 kwenye karata ya nne, lingekuwa 240. Wewe na yeye mngebakiwa na dola 90 kila mmoja, dau la kawaida kabisa kwa fungu la 240, na mwenye malkia na ree kubwa pembeni huona tabu sana kukunja hapo. Dola 190, zote alizobakiwa nazo baada ya zile 10 za mwanzo, zingeingia katikati kwa madau matatu yasiyo na ujanja wowote. Umechukua 30. Dau huzaa dau: ukiruka la kwanza, yanayofuata yote yanazaliwa madogo, na lile kubwa la mwisho halizaliwi kabisa.

6. Lalamika.

Siku kopa zikikufika, usiseme neno kuhusu flopu. Sema mgawaji ana mkosi. Simulia kwamba ulikuwa na nane tatu na jamaa akaipata kopa yake, watu watakupa pole, na pole ni tamu.

Ila ndugu yangu, kabla hujainuka, mgeukie huyo aliyekula fungu umwulize angelipa kiasi gani kuiona karata ya nne. Watu wakishinda huwa wakweli. Atakwambia 30 angelipa, na 40 pia.